Milioni Moja Kabatini

Anayetaka kununua mechi ya besiboli hahangaiki na wachezaji wote tisa. Anamtafuta mrushaji. Kila mpira unaanzia mkononi mwake, na akiuachia pale mpigaji anapoupenda, nani ataapa kwamba alikusudia? Mkono nao huchoka.

Masaaki Ikenaga alikuwa mrushaji wa Nishitetsu Lions ya Fukuoka, Japani. Mwaka 1965, msimu wake wa kwanza, alishinda mechi 20. Akiwa na miaka 23 tu alishafikisha ushindi 103. Tsutomu Tanaka, mkubwa wake wa zamani katika timu, alikuwa amemletea yen milioni moja ili auze mechi. Ikenaga alishikilia kwamba hakuuza. Lakini hela alibaki nazo, kazitia kabatini. Katika timu za Kijapani za enzi zile, kumrudishia mkubwa wako bahasha yake ilikuwa kama kumzaba kofi.

Tarehe 25 Mei 1970 akafungiwa maisha pamoja na wenzake wawili. Kashfa hiyo Wajapani wanaiita Ukungu Mweusi.

Sheria ya Japani inaruhusu kubeti farasi, baiskeli na boti za mashindano, hata kandanda. Besiboli hairuhusu, basi kamari yake ikawa ya kichinichini, mali ya yakuza, magenge ya wahalifu. Na hao si lazima wanunue mechi nzima. Kujua mapema nani ataanza kurusha, au nani bega linamuuma, tayari ni pesa. Siku hizi, katika ligi zote mbili za kulipwa, warushaji wa kuanza hutangazwa kabla ya mechi: Ligi ya Pasifiki ilianza kufanya hivyo kwa mechi zote mwaka 1994, Ligi ya Kati 2012. Habari ikishakuwa gazetini, nani atainunua?

Hata hivyo, mwaka 2015 warushaji watatu wa Yomiuri Giants, mojawapo ya klabu tajiri, walikutwa wakibeti besiboli wakafukuzwa. Wa nne, Kyosuke Takagi, alijulikana Machi 2016. Huyo alifungiwa mwaka mmoja, kisha Giants hao hao wakamrudisha.

Simtakasi Ikenaga, hela alizipokea, na kinywa alikifunga. Ila aliyebeti kwa hiari yake alikaa nje mwaka mmoja, naye Ikenaga miaka 35. Kanuni zilirekebishwa 2005 ndipo akafunguliwa, akiwa na miaka 58, bega la kurusha halipo tena. Katika miaka hiyo aliendesha baa pale pale Fukuoka.