Kujikwaa Ulimi Ukambani

Wahenga wetu wa pwani walituambia heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi. Dole huuma siku mbili tatu likapoa, lakini neno lililotoka mbele ya kipaza sauti nani atalirudisha? Msemo huu nilikwenda nao bara, Kitui na Makueni, nikaupima kwa wanasiasa wa Ukambani. Nakwambia, msomaji, si kila mahali ulinikubalia.

Wala kule si ugenini kwetu. Tangu siku za Kivoi, tajiri yule wa Kitui aliyekuwa akileta misafara ya pembe za ndovu pwani katika karne ya 19, Mkamba na Mswahili wamejuana kwa biashara na kwa maneno. Keti katika hoteli ya chai pale Wote, radio ya Kikamba ikiwa juu ya kabati, utaona kazi inavyofanyika. Neno lililosemwa Nairobi asubuhi, kwa Kiingereza cha wakubwa, jioni limekwisha fasiriwa, limetiwa chumvi na limechekwa.

Aliyeyaonja haya kuliko wote ni Bw. Stephen Kalonzo Musyoka, mzaliwa wa upande wa Mwingi, Kitui. Mwaka 2007 aligombea urais dhidi ya Bw. Mwai Kibaki na Bw. Raila Odinga, naye akinadi kwamba wawili hao wakivutana yeye atapita katikati yao. Lilikuwa neno la kampeni tu, la kufurahisha umati. Akapata kura 879,903, akawa wa tatu. Lakini Januari 2008, nchi ikiwa inaungua na watu wakifa, Kibaki alimteua kuwa Makamu wa Rais. Hapo lile neno likageuka. Lililokuwa mzaha likawa kama ushahidi, na wapinzani wake wakawa hawalitaji ila kwa kumsimanga.

Halafu ikaja kura ya maoni ya Agosti 4, 2010 kuhusu katiba mpya. Rangi ya kijani ilikuwa ya ‘Ndiyo’, nyekundu ya ‘La’. Bw. Kalonzo alikuwa upande wa kijani, ila kwa mwendo wa pole uliowafanya watu wamshuku; basi wakamwita tikiti maji, nje kijani na ndani nyekundu. Sisi wa pwani hulijua tikiti kwa kuligonga na kusikiliza mlio wake. Wapiga kura nao hufanya vivyo hivyo, na jina hilo halijambanduka hadi leo.

Sasa mtazame marehemu Mutula Kilonzo wa Makueni. Mwaka 2012, akiwa Waziri wa Elimu, aliwatetea wanafunzi wa shule ya wasichana ya Rwathia waliotaka sketi fupi zaidi, akasema hawapaswi kuvishwa kama masista wa kanisa. Wazazi walipiga kelele, viongozi wa dini wakamlaumu, na katika mabaraza yetu ya kahawa hakuna aliyemwunga mkono. Mimi pia sikupendezwa nalo. Ungedhani amejimaliza. Kumbe wapi! Machi 2013 watu wa Makueni walimchagua Seneta wao. Walikwisha mzoea kuwa ni mtu asemaye lililo moyoni mwake, na neno lile, baya au zuri, lilifanana na mwenyewe. La Kalonzo lilikuwa dogo zaidi, ila liliwathibitishia watu shaka waliyokuwa nayo tangu zamani. Naona hapo ndipo tofauti ilipo.

Mzee Mutula alifariki Aprili 27, 2013, na hapo ndipo televisheni ilipoonyesha nguvu zake na mipaka yake. Mwezi mmoja nyuma, bintiye, wakili Kethi Kilonzo, alikuwa amesimama mbele ya Mahakama ya Juu akiiwakilisha AfriCOG katika kesi ya uchaguzi wa rais. Kesi ilirushwa moja kwa moja. Nakumbuka Mombasa vikombe vikipoa mezani, watu wakimsikiliza binti yule akijenga hoja. Kesi ilishindwa, lakini yeye alitoka na jina. Chama cha Wiper kikamsimamisha kuwania kiti cha baba yake, na ilionekana kazi imekwisha.

Haikuwa imekwisha. Yalizuka malalamiko kwamba si mpiga kura aliyeandikishwa. Kamati ya Tume ya Uchaguzi ikaamua kuwa jina lake halimo daftarini, na Mahakama Kuu ikakubaliana nayo. Wakili ambaye nchi nzima ilimwona akihoji hesabu za kura akazuiwa na daftari la wapiga kura! Kejeli hiyo ingetosha kuua kampeni yoyote. Chama kikamleta kaka yake, Mutula Kilonzo Mdogo, kampeni ikiwa imebakiwa na siku chache, na Julai 26 akapata kura zaidi ya 160,000, mpinzani wake Bw. Philip Kaloki asifike 10,000.

Mwaka 2022 Bw. Kalonzo aliupa ulimi wake kazi tena. Alikuwa amekwisha sema hadharani kwamba atakuwa mjinga kupita wote duniani akimwunga mkono Raila mara ya tatu. Machi akamwunga mkono. Mei alifika mbele ya jopo la kuchuja wagombea wenza baada ya kusema ni kudhalilishwa. Raila alipomchagua Bi. Martha Karua, akatangaza siku ile ile kuwa atagombea mwenyewe, Juni akarudi. Kila hatua ilikuwa mbele ya kamera, na mijini watu walicheka hadi machozi.

Lakini kura zilipohesabiwa Agosti, Kitui ilimpa ugavana Dkt. Julius Malombe na Makueni ikampa Mutula Mdogo, wote wawili wa Wiper, chama cha Kalonzo. Raila mwenyewe alipata kura nyingi katika kaunti zote mbili. Aliyoyakosa yalikuwa ya kwingineko.