Uraibu kama Kumbukumbu: Mihadarati na Ubongo Usiosahau

Neno uraibu, kabla ya kuitwaa maana lililo nayo leo, lilihusishwa na tambuu na vikolezo vyake: popoo, chokaa, tumbaku, vitu ambavyo mtafunaji huvizoea hadi akakosa raha asipovipata. Dhana hiyo ya mazoea ndiyo tunayoikuta tena katika maabara za wataalamu wa ubongo. Kwa miongo kadhaa wamekuwa wakishikilia kwamba uraibu si suala la sumu iliyomo damuni pekee, bali ni aina ya kujifunza. Heroini hutoka mwilini kwa siku chache. Arosto, yale maumivu yanayomkumba mtumiaji anapoikosa, huwa kali kwa siku mbili tatu na kwa kawaida hutulia baada ya juma moja hivi. Kumbukumbu haitoki. Makala haya yananuia kueleza jinsi kumbukumbu hiyo inavyowekwa na kudumishwa.

Mihadarati mikuu, kila mmoja kwa njia yake, huzidisha kemikali iitwayo dopamini katika kiini kidogo cha ubongo kinachojulikana kama nyukliasi akambensi. Wengi huiita dopamini kemikali ya raha, jina ambalo kwa maoni yangu linapotosha. Kazi yake inakaribia zaidi ile ya mwalimu anayegonga meza darasani: hili ni muhimu, likumbukeni! Chakula kikizoeleka, mgongo huo hufifia kwa kuwa hakuna jipya la kufunzwa. Dawa za kulevya huulazimisha usikike kila mara. Wakati huohuo, amigdala na hipokampasi huleta kwenye kiini hicho habari za mahali, harufu, sura na sauti, zikibebwa na kemikali nyingine, glutamati. Miunganisho ya seli za neva inayofanya kazi wakati dopamini imefurika huimarishwa. Ndiyo sababu kipande cha karatasi ya fedha, njiti ya kiberiti au kichochoro fulani huwa sehemu ya dawa yenyewe.

Linalostaajabisha zaidi ni udumishaji. Protini zinazounda miunganisho hiyo huchakaa na kubadilishwa ndani ya siku au majuma, ilhali kumbukumbu hudumu miaka. Ni kama paa la makuti linaloezekwa upya kuti kwa kuti pasi na nyumba kubadilika umbo. Isitoshe, kumbukumbu hii haififii sawasawa na siku zinavyopita. Mwaka 2001, Jeffrey Grimm na wenzake walionyesha kwamba panya waliozoeshwa kokeini kisha wakanyimwa waliitafuta kwa bidii kubwa zaidi baada ya siku 60 kuliko katika siku za mwanzo, pindi walipokutana na ishara zake. Hamu ilikuwa imeatamiwa mfano wa yai. Mnamo 2008 ilibainika kwamba katika majuma hayo ya kunyimwa, vipokezi vya glutamati vinavyopitisha kalsiamu huongezeka katika nyukliasi akambensi, na hivyo kuifanya iwe nyepesi kuamshwa.

Kwa mintarafu ya mahali, upo ushahidi wa kutisha. Mwaka 1982, Shepard Siegel na wenzake huko Kanada waliwazoesha panya heroini, kisha wakawapa dozi kubwa. Waliopewa katika chumba walichokizoea walikufa takriban asilimia 32. Waliopewa katika chumba kigeni, asilimia 64. Na wasiowahi kuonja heroini, asilimia 96. Mwili ulikuwa umejifunza kujikinga, lakini kinga yenyewe ilitegemea kutambua chumba. Kwa upande wa binadamu, Lee Robins aliwafuatilia wanajeshi wa Marekani waliorejea kutoka Vietnam mwaka 1971. Karibu mmoja kati ya watano alikuwa mraibu akiwa huko. Miongoni mwa hao waraibu, takriban asilimia 5 tu ndio walioupata uraibu upya katika mwaka wa kwanza nyumbani. Mazingira hayakuwa sababu pekee, lakini ishara zilibaki ng'ambo ya bahari.

Kijana wa Mombasa au Malindi hana bahari ya kumtenga hivyo. Hupelekwa kwenye kituo cha kurekebishia tabia, akakaa miezi mitatu, akanenepa, na jamaa wakasema ameacha. Kisha hurudi mtaa uleule wenye maskani ileile. Hamu imeatamiwa, na ustahimilivu wa mwili umepungua. Dozi aliyoimudu zamani yaweza kumuua. Hatari hii ndiyo mojawapo ya sababu za kupendelea methadoni, ambayo hupunguza hamu bila kuuvua mwili ustahimilivu wake.

Je, kumbukumbu yenyewe yaweza kuguswa? Mwaka 2000, Karim Nader na wenzake walionyesha kwamba kumbukumbu ya hofu ikiamshwa hulegea kwa muda na huhitaji kuimarishwa upya. Mwaka 2012, watafiti nchini China waliwaonyesha waraibu wa heroini waliokuwa wakitibiwa filamu fupi ya dawa hiyo, wakasubiri dakika 10, kisha wakawaonyesha ishara zake tena na tena bila dawa kufuata. Hamu iliyochochewa na ishara ilipungua, na hata baada ya siku 180 ilikuwa bado chini. Kilichopimwa, hata hivyo, ni hamu ndani ya hospitali. Jaribio la maskani ni jingine.