Rada na Adabu ya Nguvu (Sehemu ya Tatu)

Tangu Julai 2024, magari mapya ya abiria katika Umoja wa Ulaya yanatakiwa kuwa na mfumo wa kujifungia breki wakati wa hatari, na mifumo mingi ya aina hiyo hutegemea rada ya gigahezi 77 iliyofichwa nyuma ya bampa. Namna mwangwi unavyopimwa tulikwisha kuieleza. Leo tunashika swali moja: chipu ya rada irushe mawimbi kwa nguvu kiasi gani? Wengi hudhani kwamba kadiri nguvu inavyozidi ndivyo rada inavyokuwa bora. Hesabu inawakatalia, na historia inawakatalia zaidi.

Februari 1940, katika Chuo Kikuu cha Birmingham, John Randall na Harry Boot waliwasha magnetroni yao, na Waingereza wakapata mawimbi mafupi ya takriban sentimita 10 yenye nguvu kubwa. Ndege zikaweza kuzisaka nyambizi za Ujerumani hata usiku. Wajerumani nao wakafunga kwenye nyambizi kipokezi cha mawimbi hayo kilichoitwa Naxos: mawimbi ya rada yakizidi kupata nguvu, nahodha alijua ndege yaja, akazamisha chombo. Waingereza wakajibu kwa kubuni kifaa kilichoitwa Vixen, cha kupunguza nguvu ya rada yao kadiri ndege ilivyokaribia. Utamu wa jambo hili umo katika hesabu yake. Mawimbi yanayomfikia adui yamesafiri njia moja, hivyo hufifia kwa kipeo cha pili cha umbali. Mwangwi umekwenda na kurudi, hivyo hufifia kwa kipeo cha nne. Basi nguvu ikipunguzwa kwa kipeo cha tatu, umbali unapobaki nusu rada hurusha thumuni tu ya nguvu ya awali: adui husikia nusu ya alichokisikia mwanzo, ilhali mwangwi umeongezeka maradufu. Aliyejizuia ndiye aliyeona bila kuonekana.

Atatokea wa kusema kwamba hiyo ilikuwa hila ya vita, na barabarani hakuna adui. Kweli, lakini kuna jirani, na mawimbi yako humfikia kwa safari moja, yakiwa na nguvu kuliko mwangwi anaoutafuta. Mwingine atauliza habari za kuona mbali. Kuona umbali maradufu kunadai nguvu mara 16, na mwangwi wa bampa lako mwenyewe utakilemea kipokezi. Ndiyo maana mkondo mmoja wa kurushia mawimbi katika chipu hizi kwa kawaida hutoa takriban miliwati 10 hadi 20 tu. Hata kiasi hicho hakiachwi kiyumbe: joto likipanda, kikuza mawimbi hulegea. Hapo kihisi kilicho ndani ya chipu hupima nguvu inayotoka, na umeme wa kikuza hurekebishwa mpaka nguvu irudi kwenye kiwango kilichowekwa.

Nguvu isiyopimwa ni ujinga, hata ikiwa ndani ya kifaa cha kisasa. Vyuo vyetu vya ufundi viwafundishe vijana kuipima nguvu kabla ya kuwafundisha kuiongeza.