Wewe na Muuguzi Wako Katika Wodi ya Kutengwa

Mgonjwa wa kifua kikuu sugu anaweza kulazwa akiwa ametengwa kwa majuma kadhaa. Ndugu humtembelea kwa nadra na kuzungumza naye kwa mbali. Katika kipindi hicho muuguzi ndiye amleteaye dawa, amtazamaye akizimeza, na mara nyingi ndiye pekee amuulizaye amelalaje. Si ajabu mgonjwa akimwita mama au dada, wala si vibaya. Hapa tunaeleza namna uhusiano huo unavyoweza kukulinda, na mipaka yake.

Kwanza, fahamu sababu ya yale uyaonayo. Vimelea vya kifua kikuu husafiri hewani mgonjwa anapokohoa au kuzungumza, na hatari ya kuambukizwa huongezeka kadiri mtu anavyokaa muda mrefu katika chumba kisichopitisha hewa vizuri. Ndiyo maana madirisha huachwa wazi, naye muuguzi huvaa barakoa inayobana uso na kukamilisha kazi kadhaa kwa kuingia mara moja. Akitoka upesi, hajakudharau. Aidha, ugonjwa huu hauenezwi kwa kushikana mikono wala kwa kutumia sahani moja. Muuguzi aliyevaa barakoa anaweza kukushika mkono. Kutengwa ni kinga, si adhabu.

Pili, usimfiche jambo kwa kumhurumia. Baadhi ya dawa za kifua kikuu sugu, kama linezolidi, zinaweza kuleta ganzi miguuni au kupunguza uwezo wa kuona. Dalili hizo zikijulikana mapema, daktari anaweza kupunguza kipimo au kubadili dawa. Zikicheleweshwa, madhara yanaweza kubaki. Vivyo hivyo, ukitapika dawa au ukishindwa kuimeza, mwambie muuguzi siku hiyohiyo.

Tatu, wema hauuzwi. Nchini Tanzania, dawa za kifua kikuu hutolewa bila malipo katika vituo vya umma. Muuguzi hupaswa kuwa na usajili na leseni ya Baraza la Uuguzi na Ukunga, kwa mujibu wa sheria ya mwaka 2010. Kwa kuwa barakoa huficha uso, mwombe ajitambulishe kwa jina. Neno la shukrani latosha. Ukidaiwa fedha ili upewe dawa au uitikiwe usiku, hiyo si asante bali ni rushwa. Andika tarehe, saa na jina, kisha mweleze muuguzi kiongozi wa wodi au uongozi wa hospitali. Lisiposhughulikiwa, lifikishe kwenye Baraza. Kumlalamikia mmoja si kukosa shukrani kwa wanaokuhudumia vema.

Nne, jiandae kwa siku ya kuruhusiwa. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza tiba ya miezi 6 kwa wagonjwa wengi wa kifua kikuu sugu, badala ya ile ya awali iliyoweza kufikia miezi 18 au zaidi. Hata hivyo, sehemu ya tiba hiyo humezwa ukiwa nyumbani, mbali na muuguzi uliyemzoea. Usitoke wodini kabla hujajua kituo utakachohudhuria, jina la mhudumu atakayekupokea, na namba ya simu ya kuulizia dalili zikijitokeza.