Kipandauso Kinapobadili Desturi Yake

Kipandauso twakijua tangu ujana wetu. Hugonga upande mmoja wa kichwa kama nyundo, huleta kichefuchefu, na mgonjwa hukimbia mwanga na kelele. Kwa desturi hukaa kwa muda wa saa nne hata siku tatu, kisha huondoka.

Huku kwetu Mazingara, mtu akiumwa kichwa husema ni malaria au jua la shamba, akameza vidonge vya dukani, akalala. Mama wa mwanafunzi wetu mmoja alizoea hivyo miaka mingi. Siku moja maumivu yalimjia ghafula, makali kupita yote aliyowahi kuyaonja, na ulimi ukawa mzito. Watu wa nyumbani walisema, "Ni kile kile chake." Tuliwasihi wasingoje. Hospitalini ilionekana ni kiharusi.

Basi, ndugu msomaji, tazama mabadiliko. Maumivu ya ghafula namna hiyo, homa pamoja na shingo kukakamaa, udhaifu wa upande mmoja, fahamu kupotea, au maumivu baada ya kuanguka, hayangoji asubuhi. Vivyo hivyo mja mzito aumwaye kichwa na macho yakaingia ukungu. Nasi tuliopita miaka 50, maumivu mapya tusiyapuuze.

Mengine huja polepole: ya mara moja kwa mwezi yakawa ya kila juma. Pengine vidonge vyenyewe ndivyo viletavyo, maana dawa za maumivu zikimezwa siku 15 za mwezi, na nyingine hata siku 10, huzaa maumivu ya kichwa. Huyu na aende kwa daktari, Handeni au Magunga pale Korogwe, na karatasi yenye siku, saa na hesabu ya vidonge.