Rubani akisema «leo haturuki»

Tunakumbuka tarehe 24 mwezi wa 11, 2019. Ndege ndogo aina ya Dornier 228, iliyokuwa ikielekea Beni, iliruka Goma na muda mfupi baadaye ikaanguka juu ya nyumba za Mapendo. Watu zaidi ya 20 walikufa, wengine wakiwa nyumbani kwao.

Ndege ndogo huanguka kwa sababu zinazojulikana: injini isiyotunzwa, mizigo kupita kipimo, ukungu wa milimani, kiwanja kifupi chenye matope. Injini si kazi yetu abiria. Lakini gunia tunaloficha lisipimwe, na haraka ya kuwahi mkutano, ni juu yetu. Rubani akikataa kuruka, tusimsukume. Tumshukuru, tulale, tungoje kesho.