MKAGUZI ANAPOINGIA NYUMBA YA WAZEE

Marekani ina nyumba zipatazo 15,000 za kuuguzia wazee, na ndani yake wanaishi watu zaidi ya milioni moja. Wengi wao hawawezi tena kuoga, kuvaa wala kumeza dawa bila kusaidiwa. Kwetu sisi tuliozoea kumwona bibi akiuguzwa na wajukuu zake, jambo hili ni geni. Hata hivyo si la mbali kama linavyoonekana. Wako vijana wa Afrika ya Mashariki waliokwenda huko kutafuta riziki, na wengi wameipata katika nyumba hizo hizo, wakiwageuza na kuwaosha wazee wa watu.

Zaidi ya theluthi mbili ya nyumba hizo ni mali ya makampuni yanayotafuta faida, ingawa sehemu kubwa ya malipo hutoka katika hazina ya umma, kwa njia ya mipango ya Medicare na Medicaid iliyoanzishwa mwaka 1965. Gharama kubwa kupita zote katika nyumba ya wazee ni mishahara ya wahudumu. Basi mwenye kampuni akitaka kuongeza faida, ndugu msomaji, unaweza kukisia mwenyewe ataanza kupunguza wapi.

Mwaka 1986 jopo la wataalamu lilitoa taarifa nzito juu ya unyonge wa wazee hao, na mwaka uliofuata ikapitishwa sheria ambayo ndiyo msingi wa ukaguzi hadi leo. Wakaguzi wa jimbo huingia bila taarifa, angalau mara moja katika kila miezi 15, na kuvujisha siku ya ukaguzi ni kosa lenye faini. Sheria ni nzuri, ila kalenda nayo ina mdomo. Mwaka ukikaribia kutimia tangu ukaguzi uliopita, hata mfagiaji hujua kwamba wageni wako njiani.

Wakiisha kuingia, mkaguzi mmoja humfuata muuguzi anayegawa dawa, akahesabu dozi zisizopungua 25. Makosa yakifikia asilimia 5, nyumba huandikiwa dosari. Na kosa moja tu likiwa la kudhuru, hilo peke yake latosha. Mwingine huomba kuona ngozi ya mgonjwa asiyeweza kujigeuza.

Hapo kwenye ngozi ndipo ukweli mwingi hulala. Mzee aliyelala upande mmoja bila kugeuzwa huanza kwa wekundu juu ya nyonga au kisigino. Asipogeuzwa, ngozi hupasuka, nyama huoza, na mwisho mfupa huonekana. Dawa ya kuzuia hayo yote ni mikono ya mtu, inayorudi kila baada ya saa mbili hivi, mchana na usiku. Daftari linaweza kuonyesha kwamba mgonjwa amegeuzwa mara kumi na mbili. Kidonda hakijui kusoma daftari.

Kila dosari hupewa herufi, kuanzia A iliyo nyepesi hadi L iliyo mbaya kupita zote, kwa kupima ukubwa wa madhara na idadi ya waliofikiwa. J, K na L maana yake ni hatari ya papo kwa papo kwa maisha ya mgonjwa. Lakini dosari nyingi huangukia D, E na F, yaani madhara hayajatokea bali yangeweza kutokea, na nyumba hutakiwa tu kuandika jinsi itakavyojirekebisha.

Je, herufi hizo hutolewa kwa haki? Ofisi ya ukaguzi ya Bunge la Marekani ilieleza mwaka 2008 kwamba wakaguzi wa serikali kuu walipopita nyuma ya wale wa majimbo, katika asilimia 15 hivi ya ziara hizo walikuta angalau dosari moja ya daraja la juu kabisa iliyoachwa bila kuandikwa. Mwaka 2014 mkaguzi mkuu wa wizara ya afya ya huko alitangaza matokeo ya uchunguzi juu ya wagonjwa wa Medicare waliolazwa kwa muda mfupi baada ya kutoka hospitali: asilimia 22 walipatwa na madhara makubwa, na wengine asilimia 11 madhara ya kupita. Madaktari waliosoma majalada yao walisema zaidi ya nusu ya madhara hayo yangeweza kuzuiliwa.

Kuna na hila za kalamu. Tangu mwaka 2005 madaktari wameonywa kwamba dawa za kutuliza wagonjwa wa akili huongeza vifo kwa wazee waliopoteza kumbukumbu. Nyumba zikaanza kuhesabiwa wagonjwa wanaopewa dawa hizo, isipokuwa wenye ugonjwa wa skizofrenia. Ajabu ni kwamba ugonjwa huo, ambao kwa kawaida huanza ujanani, ukaanza kuonekana katika majalada ya vikongwe! Mwaka 2023 serikali ilianzisha ukaguzi wa majalada hayo peke yake.

Machi 2020, ugonjwa wa korona ulipoingia, wageni walipigwa marufuku na ukaguzi wa kawaida ukasimamishwa. Macho ya jamaa na macho ya serikali yaliondoka mwezi mmoja.

Jamaa ana haki ya kusoma taarifa ya ukaguzi wa mwisho, ambayo lazima iwekwe mahali pa wazi, na kila jimbo lina mtetezi wa wazee anayepokea malalamiko.

Mwaka 2024 serikali ilitoa kanuni ya kutaka muuguzi aliyesajiliwa awepo saa zote 24. Wenye nyumba walikwenda mahakamani, na mwaka 2025 mahakama moja ya Texas ikaitengua. Limebaki takwa la zamani: muuguzi huyo awepo saa nane kwa siku. Usiku wa manane, mzee akibanwa na pumzi, wanaomfikia kwanza mara nyingi ni wahudumu ambao sheria ya taifa inawataka wawe wamefundishwa kwa muda usiopungua saa 75.